Mita 10,000: Tunafanya mazoezi kwetu, tunachujwa Oregon

Mei 25, 2024, Wakenya waliotaka kwenda Olimpiki ya Paris katika mbio za mita 10,000 walichujana Eugene, jimbo la Oregon, Marekani. Si Nairobi, si Eldoret. Daniel Mateiko alimaliza kwa dakika 26:50.81, Nicholas Kimeli na Benard Kibet wakaingia nyuma yake kabla sekunde moja haijakwisha, na timu ya taifa ikapatikana ng'ambo ya bahari. Siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, Beatrice Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 29, kwa 28:54.14.

Safari hiyo ilitokana na hesabu tu. Ili kufuzu kwenda Paris, mwanamume alitakiwa awe na muda wa dakika 27:00.00 au pungufu. Gawanya kwa mizunguko 25 unapata sekunde 64.8 kwa kila mzunguko, mara 25, bila kupumzika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi ya huko ina oksijeni pungufu, na mtu awezaye kushika sekunde 64 pwani anajikuta akihema kabla ya nusu ya mbio. Waethiopia wana tatizo hilo hilo. Juni 2021 walikwenda kuchujana Hengelo, Uholanzi, na hapo Letesenbet Gidey akavunja rekodi ya dunia kwa 29:01.03. Kwa hiyo hatuwalaumu Wakenya kwa uamuzi wao. Tunauliza jambo jingine: iweje jumuiya ya nchi nane, yenye pwani ndefu kutoka Somalia hadi Mtwara, isiwe na usiku hata mmoja kwa mwaka ambapo wakimbiaji wake wanaweza kukimbia mita 10,000 kwa kasi ya dunia wakiwa nyumbani?

Swali hili lingeonekana la kujivuna tu kama si yaliyotokea Tokyo. Septemba 14, 2025, katika mashindano ya dunia, dhahabu ya mita 10,000 wanaume ilikwenda kwa Mfaransa Jimmy Gressier kwa muda wa 28:55.77. Muethiopia Yomif Kejelcha alikuwa wa pili na Msweden Andreas Almgren wa tatu. Hakuna Mkenya wala Mganda aliyepanda jukwaani. Taji hilo lilikuwa Uganda tangu mwaka 2019, kwani Joshua Cheptegei alilitwaa Doha, akalitetea Eugene 2022 na Budapest 2023. Tokyo hakuwapo, na aliporithiwa, aliyerithi alitoka Ulaya.

Wapo wanaosema lilikuwa joto. Kweli, Tokyo kulikuwa na joto na unyevu. Lakini muda wa Gressier una maana ya wastani wa sekunde zaidi ya 69 kwa mzunguko, karibu dakika 2 na sekunde 45 nje ya rekodi ya dunia. Mbio za namna hiyo haziamuliwi na mapafu wala na miaka ya kupanda na kushuka milima ya Bonde la Ufa. Zinaamuliwa na mita 400 za mwisho, na mwenye miguu ya mita 1,500 ndiye anayechomoka. Kuacha mbio ziende polepole mpaka kengele ni kumkaribisha mgeni mezani kisha kumshangaa akila.

Tuelezane kwanza kasi ni nini, maana wengi wetu tunaotazama kwenye televisheni tunaona watu wakizunguka tu.

Rekodi ya dunia ya mita 10,000 ni 26:11.00. Cheptegei aliiweka Valencia, Hispania, Oktoba 7, 2020, akaifuta ile ya Kenenisa Bekele iliyokuwa imedumu miaka 15. Ukitazama vipande vyake, nusu ya kwanza ilikwenda kwa dakika 13:07.73, ya pili kwa 13:03.27. Tofauti haifiki sekunde tano kwa mbio za kilomita 10. Hiyo ndiyo siri yote, kama ni siri. Mwili una akiba mbili. Ipo ile inayojazwa na pumzi, ambayo haiishi upesi, na ipo ya pembeni, ndogo, inayoliwa kila unapozidi kasi ambayo pumzi yako inaweza kuilipia. Ukikimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 59 badala ya 63, hujaokoa sekunde nne. Umekopa, na deni hilo linadaiwa kilomita ya nane, kwa riba. Mkimbiaji wa kiwango cha juu anatafuta mstari ulionyooka, kila mzunguko kama uliotangulia, halafu kilichobaki kwenye akiba ndogo akimwage mwishoni.

Kuushika mstari huo peke yako ni kazi ngumu sana. Unapambana na upepo, na kichwa kinafanya kazi mara mbili, kwani unasukuma miguu na wakati huo huo unapiga hesabu. Ndipo anapoingia mweka kasi, ambaye wengi humwita sungura. Anatangulia, anakata upepo, anashika muda alioagizwa, kisha anatoka pembeni. (Jina lenyewe linachekesha kwa watu waliolelewa na hadithi zetu. Sungura tunayemjua sisi hajawahi kumkimbilia mtu mwingine bila ya kupata chake.) Usiku ule wa Valencia kulikuwa na sungura watatu, na taa ndogo kandokando ya njia ya ndani zilizokuwa zikiwaka kwa kasi ya rekodi, ili mkimbiaji asihitaji kupiga hesabu. Azifuate tu.

Lakini taa na sungura havimkimbii mtu. Miezi miwili kabla ya Valencia, Cheptegei alikuwa ameivunja rekodi ya mita 5,000 mjini Monaco kwa 12:35.36, wastani wa zaidi kidogo ya sekunde 60 kwa mzunguko, na sehemu kubwa ya mwisho alikimbia hana mtu mbele yake. Hilo halipatikani kwa kufuata taa. Linapatikana kwa mwili uliofundishwa kasi hiyo mpaka ukaizoea.

Hapa ndipo mazoezi mahususi yanapohusika. Ukifika Iten, mji ulio kwenye mita kama 2,400, utakuta ratiba ambayo hata watoto wanaijua. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni fartlek, dakika za kasi na dakika za taratibu kwenye barabara za vumbi jekundu, na siku nyingine ni mbio ndefu. Ni mazoezi mazuri, na yametoa mabingwa. Ila yanajenga injini, na injini si kasi. Kocha Mwitaliano Renato Canova, aliyefanya kazi na wakimbiaji wa Bonde la Ufa kwa miaka mingi, alikuwa akisisitiza kwamba mashindano yanapokaribia, mkimbiaji asogee kwenye kasi ile ile atakayoshindana nayo, kidogo chini yake na kidogo juu yake, na arefushe vipande vyake wiki baada ya wiki. Mtu anayelenga 26:40 anahitaji mzunguko wa sekunde 64. Basi apige mita 1,000 kwa dakika 2:40, apumzike kidogo, arudie. Baadaye iwe mita 2,000 kwa kasi hiyo hiyo, kisha 3,000. Mwishowe miguu yenyewe inajua sekunde 64 ni nini, bila ya saa.

Tatizo ni kwamba kwenye mita 2,400 huwezi kuishika sekunde 64 kwa umbali huo. Unaishia sekunde 66 au 67 kwa nguvu ile ile, na mwili unajifunza sekunde 67. Mwanariadha mwenye meneja mzuri hupelekwa Ulaya wiki chache kabla ya mashindano, akapate hewa nzito na uwanja mzuri. Asiye na meneja hubaki na sekunde 67 zake, na akipata bahati ya kuitwa anakwenda kujifunza kasi siku ya mashindano. Kwa nchi zetu hilo ni jambo zito kuliko medali moja iliyokosekana Tokyo. Tunao vijana wengi wenye injini, na nafasi ya kujifunza kasi inagawiwa na watu walioko nje.

Viwanja vyenyewe navyo ni habari nyingine. Kamariny, uwanja wa udongo wa Iten uliopitiwa na mabingwa wengi, ulifungwa ili ukarabatiwe, na ukarabati ukasuasua miaka na miaka. Tusiendelee na hilo. Wakazi wa Elgeyo Marakwet wamelisema kuliko tunavyoweza kulisema sisi.

Turudi kwenye mashindano makubwa, kwa sababu huko hakuna sungura wala taa. Kasi inatoka kwa washindani wenyewe. Anayeitoa anajitoa mhanga, na asipotokea wa kuitoa mbio zinalala. Kanda yetu imewahi kulijibu fumbo hili kwa namna kadhaa, na majibu yake yanafundisha.

Kampala, Machi 2017, mashindano ya dunia ya nyika pale Kololo. Cheptegei, kijana wa nyumbani, aliongoza huku uwanja mzima ukimshangilia. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita akatetea taji lake, na Cheptegei akamaliza wa 30. Deni lilidaiwa mbele ya watu wa kwao. Mwaka huo huo mwezi Agosti, London, Waganda na Wakenya waliichukua kasi kwa zamu kujaribu kumchosha Mo Farah kabla ya kengele. Farah alishinda kwa 26:49.51, lakini Cheptegei alikuwa chini ya nusu sekunde nyuma yake, na Paul Tanui wa Kenya wa tatu. Hawakumpata, ila walimfanya ailipie dhahabu yake.

Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Uganda walijaribu tena. Stephen Kissa alichomoka mapema akaacha pengo kubwa. Baadaye alieleza kuwa ulikuwa mpango wa timu, azifanye mbio ziwe za kasi. Waliotakiwa kumfuata hawakumfuata. Kissa akatoka uwanjani kabla ya mwisho, kundi likaenda kwa mwendo wake, na Selemon Barega wa Ethiopia akawashinda Cheptegei na Jacob Kiplimo kwenye mita za mwisho kwa 27:43.22. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Haukuwa umefanyiwa mazoezi ya kutosha na watu wote waliohusika, na kasi ya timu haipangwi kwenye chumba cha hoteli usiku wa kuamkia fainali.

Kisha Paris, Agosti 2, 2024. Safari hii Waethiopia watatu, Barega, Kejelcha na Berihu Aregawi, walipokezana uongozi kwa kasi kubwa. Wanaume 13 walimaliza ndani ya rekodi ya Olimpiki ya Bekele ya mwaka 2008, ambayo ilikuwa 27:01.17. Cheptegei alikaa nyuma akisubiri, akatoka karibu na kengele, na dhahabu ikawa yake kwa 26:43.14. Kibet, yule wa Eugene, alikuwa wa tano, hata sekunde nzima haikupita baada ya mshindi. Waethiopia waliolipia kasi walipata fedha moja. Ni haki kusema kwamba dhahabu ya Uganda ilipikwa kwenye jiko la jirani.

Sasa Kenya. Nchi inayotajwa kila mahali kama nyumba ya mbio ndefu imepata dhahabu moja tu ya Olimpiki katika mita 10,000 wanaume, ile ya Naftali Temu, Mexico 1968. Mita 5,000 nayo ni moja, John Ngugi, Seoul 1988. Katika mashindano ya dunia, Mkenya wa mwisho kutwaa mita 10,000 ni Charles Kamathi mwaka 2001. Wakati huo huo Wakenya wamejaza orodha za muda bora katika mikutano ya Ulaya, penye sungura na taa. Burundi, nchi ndogo, ina dhahabu ya mita 5,000 ya Venuste Niyongabo, Atlanta 1996. Uganda ina ya Cheptegei ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Tanzania ilipata fedha ya Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na kabla yake ilikuwa na mtu aliyekuwa sungura wa nafsi yake. Filbert Bayi alitangulia tangu mlio wa bastola Christchurch 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16, bila wa kumkingia upepo. Wanawake wa Kenya hawana ugonjwa huu. Chebet alishinda mita 5,000 na 10,000 zote mbili Tokyo 2025, ingawa ni mbio zilizokwenda taratibu, kwa sababu yeye ana injini na ana mbio za mwisho. Vipaji vya Chebet ni vichache, hata kwetu.

Pendekezo letu ni hili. Mashirikisho ya riadha ya Kenya, Uganda na Tanzania, na Burundi na Rwanda wakitaka, waanzishe usiku mmoja wa mita 10,000 kila mwaka, wanaume na wanawake, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Uwanja huo uko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nzito. Juni na Julai ni miezi ya baridi ya pwani, na majukwaa yanakinga upepo wa kusi. Unyevu utabaki, na hatudai kwamba rekodi ya dunia itavunjwa Temeke. Tunadai kwamba muda wa kufuzu unaweza kutafutwa hapo, na zaidi ya yote kwamba kasi inaweza kufundishwa hapo: sungura wa kwetu, muda uliotangazwa mapema, vijana 20 nyuma yao.

Jambo la pili ni kuwatambua waweka kasi kuwa watu wenye fani. Aliyempeleka Cheptegei hadi nusu ya rekodi yake Valencia alikuwa Mkenya, Nicholas Kimeli, huyo huyo aliyekuwa wa pili Eugene. Wapo wengine wengi Iten na Kapchorwa wanaolipwa kwa mkataba wa siku moja na majina yao hayaandikwi popote. Mtu anayeweza kushika sekunde 63 kwa mizunguko 12 bila kutikisika ni mwalimu. Mashirikisho yamwajiri kambini, afundishe.

Tutaulizwa: kwa nini Mkenya amfundishe Mganda kasi ya kumshindia? Swali hilo linasahau mlima Elgon. Wasebei wa Kapchorwa na Wasabaot wa upande wa Kenya ni ndugu wa lugha moja, na mpaka uliwakuta hapo. Stephen Kiprotich alifanya mazoezi Kenya, katika kundi la akina Eliud Kipchoge, kabla ya kuipa Uganda dhahabu ya marathoni London 2012 mbele ya Wakenya wawili. Hakuna aliyefunga kambi kwa sababu hiyo. Kundi likawa bora zaidi. Na katika fainali isiyo na sungura, mpinzani anayejua kushika kasi ndiye anayeokoa mbio zisimwendee mwenye miguu ya mita 1,500.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Kijana wa miaka 20 mwenye kipaji anaona nusu marathoni za barabarani zinalipa, anauacha uwanja kabla hajaujua. Mita 10,000 hazimo katika ratiba ya kawaida ya Ligi ya Almasi, kwa hiyo nafasi za kuzikimbia ni chache na zawadi ni ndogo. Usiku wa Dar es Salaam hautashindana na marathoni za Ulaya kwa fedha. Unaweza kushindana nazo kwa kitu kingine: nafasi ya timu ya taifa bila tiketi ya ndege ya kwenda Marekani na bila viza, ambayo kwa mwanariadha asiye na meneja ni ukuta mrefu kuliko sekunde 64.8.

Nchi hizi tatu zimeandaa CHAN kwa pamoja Agosti 2025 na zinaandaa AFCON 2027. Zimekarabati Kasarani, Namboole na Mkapa kwa ajili ya mpira, na viwanja hivyo vyote vina njia za kukimbilia zinazozunguka nyasi. Hata wabunge wa jumuiya hii wana michezo yao ya kila mwaka, na wanakimbia. Hatuna tatizo nao. Tunaomba tu wakimbiaji nao wapate siku yao.

Michezo ya Los Angeles ni Julai 2028. Muda wa kufuzu utatafutwa kabla ya hapo, na ili usiku wa kwanza ufanyike Juni 2027, kabla wenyeji hawajamezwa na AFCON, barua ya kuomba uwanja inapaswa kutoka mapema. Mwaka wa kwanza taa zikishindikana, makocha wasimame kila mita 200 na saa mkononi, wasome muda kwa sauti.